Niliyojifunza Nilipoifanyia Pikipiki Yangu Mpya Sevisi ya Kwanza

Pikipiki mpya inayouzwa katika maduka yetu kwa kawaida haifiki nchini ikiwa imeshaunganishwa yote. Husafirishwa ndani ya fremu ya chuma iliyozungushiwa boksi, injini na gurudumu la nyuma vikiwa vimeshafungwa mahali pake, lakini gurudumu la mbele, usukani, madigadi, vioo, betri na mara nyingi keria vikiwa vimefungashwa pembeni. Anayemalizia kuiunganisha ni fundi wa dukani, ambaye siku mzigo unapoingia huenda ana pikipiki nyingi za kuzisimamisha kabla ya jua kuzama, na ambaye hukaza nati kwa nguvu ya mkono wake bila spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Ningependa msomaji alishike jambo hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu wengi wetu tunadhani kwamba sevisi ya kwanza maana yake ni kumwaga oili na kuweka nyingine. Kwa uzoefu wangu, oili ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Sehemu nzito ni kuikagua upya kazi ya walioiunganisha pikipiki, na kuvirekebisha vitu ambavyo, baada ya kilomita mia chache za kwanza, vimejilaza na kulegea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Huku barabara ni za udongo, na miteremko ni mikali kiasi kwamba wazee wetu walibuni kilimo cha ngoro, yaani cha mashimo yaliyozungukwa na matuta, ili kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Pikipiki inayofanya kazi katika mazingira hayo hupanda kwa gia ndogo na kushuka kwa breki, na kasoro ambayo mjini ingekuwa kero ndogo huku inaweza kumtupa mtu bondeni. Niliinunua pikipiki yangu Songea, karibu kilomita 100 kutoka Mbinga mjini, na kutoka Mbinga hadi kijijini bado kuna mwendo wa kupanda milima. Kitabu chake kinataka sevisi ya kwanza ifanyike ikifikisha kilomita 500.

Nilisoma kadi ya dhamana kwa makini kabla sijashika spana yoyote, nikapiga simu dukani kuuliza. Nilielezwa kwamba sevisi isipofanywa na wao na kadi isipogongwa mhuri, dhamana ya injini itakuwa imekwisha. Nililipima jambo hilo kwa siku kadhaa. Safari ya kwenda na kurudi Songea ingeniongezea kilomita nyingi injini ikiwa bado na oili ya kiwandani, ningekosa vipindi darasani, na baada ya hapo ningerudi kijijini nikiwa sijui hata bolti ya kumwagia oili iko wapi. Nikaamua kuifanya mwenyewe. Hata hivyo, simshauri kila mtu afanye hivyo. Mwenye wakala jirani, na sevisi ya kwanza akiwa amepewa bure, aende huko, ila asikae kwenye benchi la wageni akisubiri kuitwa. Asimame karibu na pikipiki yake, aangalie kila kinachofunguliwa, na aulize kuhusu kila kisichofunguliwa.

Pikipiki yangu ni ya cc 150, imetengenezwa China, na injini yake ni ya ukoo wa Honda CG125. Nautaja ukoo huo kwa sababu unaeleza mengi. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976, waliacha kwa makusudi mtindo wa kamshafti (mhimili unaofungua valvu, yaani vizibo vya kuingizia petroli na hewa na vya kutolea moshi) iliyo juu kwenye kichwa cha silinda, ambao walikuwa wakiutumia kwenye pikipiki zao nyingine za ukubwa huo, wakatumia fimbo ndefu zinazosukuma valvu kutoka chini. Wahandisi wao walikuwa wametembelea nchi zinazoendelea, hasa za Asia, wakaona jinsi pikipiki zilivyobebeshwa mizigo mizito na kukaa muda mrefu bila kubadilishiwa oili, na jinsi kamshafti ya juu, ambayo oili huifikia kwa kuchelewa, ilivyolika mapema. Basi wakaunda injini inayovumilia. Viwanda vya China viliichukua ramani hiyo, na leo injini za namna hiyo zimejaa Afrika Mashariki yote. Uvumilivu wake ni wa kweli, lakini kwa maoni yangu umetudhuru pia, kwa sababu umetuzoesha kuamini kwamba pikipiki haihitaji kuangaliwa mpaka siku itakapogoma.

Vifaa nilivyohitaji havikuwa vingi. Spana zinazokuja chini ya kiti ni za chuma laini, na ukizitegemea utaharibu kona za nati, kwa hiyo nilinunua spana za ringi za kuanzia namba 8 hadi 24, spana ya plagi, bisibisi nzuri ya nyota, na filageji, yaani vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ndogo. Anayenunua filageji ahakikishe kwamba seti yake ina kibati cha milimita 0.08, kwa kuwa seti nyingi za bei nafuu huruka kutoka 0.05 hadi 0.10, na kipimo kinachotakiwa kwenye injini hizi kimo katikati. Beseni, faneli, glavu za mpira na vitambaa safi vilikuwepo nyumbani.

Mpangilio wa kazi ni jambo ambalo kitabu changu hakikulieleza, na linastahili kuelezwa. Tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma, hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu chuma hutanuka kinapopata moto na nafasi inayopimwa hubadilika. Oili nayo humwagwa injini ikiwa na joto, kwa kuwa oili yenye joto ni nyepesi, hutoka karibu yote, na huondoka na uchafu ambao ungebaki umelala chini ya injini iliyopoa. Anayeanza na oili atalazimika kusubiri saa kadhaa ndipo aguse tapeti. Nilianza na tapeti asubuhi, pikipiki ikiwa imelala ndani usiku kucha, kisha nikaiendesha kidogo ipate joto, na hapo ndipo nikaenda kwenye oili.

Mpwa wangu, ambaye ni dereva wa bodaboda Mbinga mjini na alikuwa amepanda kutusalimia, alikaa nami tangu mwanzo. Nilitoa tenki, nikafungua plagi ili injini izunguke kwa urahisi, nikafungua kifuniko cha juu cha kichwa cha silinda, kisha vile vifuniko viwili vidogo vya duara vya upande wa kushoto, kimoja cha kuifikia bolti ya krenki, mhimili mkuu wa injini, na kingine cha kuchungulia alama kwenye magneti. Ukiizungusha krenki kinyume cha mwendo wa saa, utauona mkono wa valvu ya kuingizia ukiikandamiza valvu yake na kuiachia. Ukiendelea kuzungusha taratibu baada ya hapo, mstari ulio karibu na herufi T utakuja kusimama mbele ya alama ya kwenye kasha la injini. Hapo pistoni iko juu kabisa, na valvu zote mbili zimefungwa. Uhakika ni kuishika mikono yote miwili ya valvu kwa vidole: kila mmoja unapaswa kucheza kidogo sana. Kama mmoja umebana na hauchezi kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba pistoni iko juu kwenye mzunguko usio wenyewe, na inabidi krenki izungushwe tena duru moja nzima.

Valvu ya kuingizia ilikuwa sawa: kibati cha 0.08 kilipita kikikwaruzwa kidogo tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ya kutolea moshi ilikuwa imebana. Kibati cha 0.08 hakikuingia hata ncha yake, cha 0.05 kikapita kwa shida. Mpwa wangu akashangaa nilipochukua spana kuilegeza.

“Lakini mjomba,” akaniambia, “tapeti zenyewe tayari zinapiga kelele. Sisi kule kijiweni zikipiga kelele fundi anazikaza hadi zinyamaze.”

“Ndiyo maana injini zenu zinakosa nguvu mapema, mjomba,” nikamjibu. “Njoo uangalie hapa.”

Nililomweleza ndilo ambalo natamani kila mwenye pikipiki angelijua. Valvu ya kutolea moshi hupitiwa na gesi za moto mkali, na sehemu kubwa ya joto lake huliondoa pale inapokaa kwenye kiti chake, yaani ukingo wa tundu inaloliziba, na kuligusa kasha la kichwa cha silinda. Nafasi ya tapeti ikiisha, valvu haikai vizuri kwenye kiti: joto linakosa pa kwenda, gesi zinapenya pembeni, na ukingo wa valvu unaungua pole pole. Katika injini mpya hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu katika kilomita za mwanzo valvu na kiti chake bado vinazoeana, valvu inazama kidogo zaidi kichwani, na nafasi iliyopangwa kiwandani inapungua yenyewe. Mwenye pikipiki hasikii dalili yoyote. Kinyume chake, injini inanyamaza, naye anafurahi akidhani imetulia. Injini za fimbo zina mlio wake wa tapeti, na mlio mdogo, wa haraka, usiobadilika, ni wa kuachwa kama ulivyo. Kelele zikizidi zipimwe kwa filageji, wala zisikazwe kwa sikio.

Kurekebisha kwenyewe ni kulegeza nati ndogo ya kufungia, kuzungusha skrubu ya katikati mpaka kibati kipite kwa mkwaruzo unaotakiwa, kuishikilia skrubu isisogee, na kuikaza nati. Kisha kipimo hupimwa tena, maana nati inapokazwa huivuta skrubu na kuibadilisha nafasi. Hapo ndipo subira inapohitajika. Mara kadhaa nilikaza, nikapima, nikakuta nafasi imepungua, nikarudia, hadi mkono ulipozoea kuiachia skrubu nafasi kidogo zaidi ya inayotakiwa ili nati imalizie yenyewe.

Plagi nayo, kwa kuwa ilikuwa imeshatoka, niliiangalia vizuri. Ncha yake ilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, ambayo ni rangi ya uchomaji mzuri. Nyeusi yenye masizi makavu ingeonyesha kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa, na nyeupe iliyokauka ingeonyesha kwamba petroli ni chache na injini inaungua kwa joto kupita kiasi. Nafasi ya plagi ilikuwa ndani ya milimita 0.6 hadi 0.7 zilizoandikwa kitabuni. Niliirudisha kwa vidole hadi ikafika mwisho, na spana ikatumika kumalizia tu, kwa sababu kichwa cha silinda ni cha aluminiamu na plagi iliyoanza upande itayaharibu meno yake yote.

Sasa oili. Katika injini mpya, ringi za pistoni na ukuta wa silinda bado havijalingana. Ukuta huo huachwa kwa makusudi ukiwa na mikwaruzo midogo inayokatana, ili ushike oili na kuzisaga ringi hadi zikae sawasawa. Gia nazo zinalainishana meno. Chuma chote kinachosagika huko kinaingia kwenye oili, na injini hizi hazina chujio la karatasi la kukinasa kama lile la gari. Zina wavu wa kunasa vipande vikubwa, na chujio la kuzunguka kwenye krenki linalorusha uchafu pembeni. Chembe nyingine huendelea kuzunguka na oili, zikipita kwenye beringi na kwenye ukuta uleule wa silinda. Kwa sababu hiyo oili ya kwanza hutolewa mapema sana, ingawa ukiitazama kwenye kijiti cha kupimia unaweza kudhani bado ni nzuri.

Niliimwaga kwenye beseni jeupe, ili niione. Mwanga wa jua ulipoigonga ilimeremeta kama vumbi la fedha, na mpwa wangu akaingiwa na hofu akidhani injini imekufa. Unga mwororo usioweza kuuhisi katikati ya vidole ni wa kawaida kwa oili ya kwanza. Kinachopaswa kumtia mtu wasiwasi ni kipande kinachoshikika kwa kucha au chenye ncha, kwa kuwa hicho huwa kimetoka kwenye jino la gia au kwenye beringi. Nilipitisha sumaku ndogo chini ya oili, ikatoka na utando mwembamba tu.

Kwenye kichujio cha wavu ndiko nilikokuta jambo lililoniridhisha kwamba kazi hii ilistahili kufanywa kwa utulivu. Kinakaa nyuma ya bolti kubwa ya chini, pamoja na springi yake, na bolti hiyo hufunguliwa kwa uangalifu kwa sababu springi huisukuma. Kwenye wavu kulikuwa na nyuzi za silikoni, ile gundi ambayo hupakwa kwenye maungio ya kasha la injini. Aliyeifunga injini alipaka nyingi, ya ziada ikaminywa kwa ndani, ikakatika na kuelea. Wavu ulioziba huinyima pampu oili, na pampu ikikosa oili kichwa cha silinda huwa cha kwanza kuumia. Niliuosha wavu kwa petroli kidogo kwa kutumia mswaki wa zamani, nje, mbali na jiko, nikaukausha na kuurudisha. Sevisi ya kumwaga oili kupitia bolti ndogo peke yake, jinsi inavyofanywa mara nyingi pembeni mwa barabara, ingeziacha nyuzi zile mle ndani.

Wosha ya bolti ya kumwagia oili niliibadilisha, maana ile ya kwanza hukandamizwa mara moja ikakaa kwa umbo la mahali pake. Bolti yenyewe ni ya chuma na kasha ni la aluminiamu, kwa hiyo anayesimama kwenye spana ili ikaze vizuri anayang’oa meno ya kasha, na uharibifu huo humalizwa kwa mchonga vyuma. Spana fupi, mkono mmoja, na kukaza mpaka wosha ibane inatosha.

Kuhusu oili ya kuweka, kitabu changu kinataka 20W-50, kati ya lita 0.9 na lita 1. Lakini namba hizo hazitoshi. Katika pikipiki hizi klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, tofauti na gari la kawaida la gia za mkono, ambalo klachi yake ni kavu. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na msuguano ndio unaoifanya klachi ishike. Ukiziweka kwenye pikipiki, klachi huanza kuteleza: injini inanguruma na mlima haupandiki. Alama ya kutafuta nyuma ya chupa ni JASO MA au JASO MA2, ambayo ni madaraja ya Kijapani kwa ajili ya oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. JASO MB ni ya pikipiki ambazo klachi yake haimo kwenye oili, kama skuta nyingi. Baada ya kuweka oili niliiwasha injini ikanguruma taratibu kwa dakika chache, nikaizima, nikasubiri oili iteremke, kisha nikapima pikipiki ikiwa imesimama wima. Kijiti cha injini hizi huchomekwa tu bila kuzungushwa kwenye meno yake, na anayekizungusha husoma kiwango kikubwa kuliko kilichopo.

Chujio la hewa la sponji nilikuta limeshapata rangi ya udongo, ingawa pikipiki ilikuwa na wiki chache tu. Niliosha, nikakausha kivulini, nikalilowesha kwa matone ya oili na kulikamua. Kwenye vumbi letu jambo hilo halisubiri kilomita za kitabu.

Baada ya hapo nikageukia gurudumu la nyuma. Cheni mpya hulegea zaidi katika kilomita za mwanzo kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa pini na bushi zake zinakaa mahali pake. Kipimo kwenye pikipiki yangu ni milimita 20 hadi 30 za kucheza juu na chini, katikati ya sproketi mbili, na yangu ilikuwa imepita hapo. Cheni haipimwi mahali pamoja. Gurudumu huzungushwa kidogo kidogo na kupimwa sehemu kadhaa, kisha marekebisho yakafanywa pale ilipobana zaidi, la sivyo utaikaza pale ilipolegea na itakuwa kama uzi wa gitaa itakapofika upande wa pili, ikivuta beringi ya sproketi ya mbele. Nati ya ekseli hulegezwa, vikazio vya pande zote mbili vikazungushwa kwa kiasi kilekile, na alama za pande zote mbili zikalinganishwa ili gurudumu lisikae upande.

Wengi huishia hapo, na ndipo hatari inapoanza. Gurudumu linaporudi nyuma, ngoma ya breki hurudi nalo, lakini pedeli ya breki haisogei. Fimbo inayoziunganisha inavutwa, na breki inakuwa imeshikwa nusu bila mtu kuikanyaga. Dereva anaona tu kwamba pikipiki imekuwa nzito na kitovu cha gurudumu ni cha moto. Kwa hiyo kila cheni inapokazwa, nati ya fimbo ya breki ya nyuma lazima iangaliwe tena, pedeli ipate uchezi wake wa milimita 20 hadi 30, gurudumu lizungushwe kwa mkono kuhakikisha halikwaruzi, na taa ya breki ijaribiwe, maana swichi yake inafuata mwendo wa pedeli hiyo hiyo. Kwenye miteremko ya kwetu sioni kazi nyingine katika sevisi nzima inayoizidi hii kwa umuhimu.

Spoku zilinipa furaha ya peke yake. Gurudumu jipya la spoku hujipanga upya baada ya kupigwa na makorongo, na baadhi ya spoku hulegea. Unaligeuza gurudumu taratibu huku ukigonga kila spoku kwa spana ndogo na kusikiliza. Zilizokaza hutoa mlio mwembamba, unaofanana kwa zote, na iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Kwenye gurudumu la mbele nilikuta mbili za namna hiyo, zikiwa jirani. Nilizikaza robo duru, nikagonga tena, nikaongeza kidogo, nikishika kidole karibu na rimu wakati gurudumu likizunguka ili nione kama halijaanza kuyumba. Asiye na spana ya spoku asijaribu kwa koleo, kwa kuwa vichwa vyake ni laini. Gurudumu lenye spoku nyingi zilizolegea lipelekwe kwa fundi wa rimu, kwa sababu kulinyoosha ni ufundi unaojitegemea.

Kisha nikapita kwenye nati na bolti zote zinazofungwa dukani, kwa mpangilio, kutoka mbele kwenda nyuma. Nati ya ekseli ya mbele ilikubali karibu nusu duru nzima ya spana. Nililikaa nikalitafakari jambo hilo, kwa kuwa nilikuwa nimeshambeba mke wangu kwenda hospitali na kurudi kwa gurudumu hilo hilo. Bolti za kushikilia usukani zilikuwa zimekazwa za mbele tu, za nyuma zikiwa zimelegea kidogo. Za keria zililegea tatu. Za shokapu za nyuma, za miguu ya kukanyagia na za eksozi zilikuwa imara. Beringi za shingo nilizipima kwa kuinyanyua pikipiki kwenye stendi kubwa, mpwa wangu akikandamiza nyuma, nami nikazishika foku kwa chini na kuzisukuma mbele na nyuma. Hakukuwa na uchezi wowote, nikaziacha.

Kuna vitu vingine niliviacha kwa makusudi. Nati za kichwa cha silinda hukazwa kwa nguvu maalumu na kwa mpangilio wa kukingamana, na bila spana ya kupimia mtu anaweza kukipinda kichwa. Skrubu ya hewa ya kabureta sikuigusa, kwa kuwa plagi ilikuwa imeshanionyesha kwamba mchanganyiko ni mzuri. Mpwa wangu alitamani tuizungushe kidogo ili pikipiki “ivute”, lakini kitu kinachofanya kazi vizuri hakirekebishwi. Nilichogusa kwenye kabureta ni skrubu ya mngurumo tu, baada ya tapeti kukaa sawa.

Oili iliyotoka niliihifadhi kwenye dumu. Kijijini kuna desturi ya kupaka oili chafu kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, na majirani waliiomba mara moja. Nilimpa jirani mmoja kwa sharti kwamba avae glavu na asipake nguzo zilizo karibu na bustani wala kisima, kwa sababu oili iliyotumika ina madini na masizi ambayo hudhuru ngozi yakiigusa mara kwa mara, na ikiingia ardhini huharibu maji. Aliye mjini aipeleke gereji inayokusanya oili chafu kwa pamoja.

Nilipoijaribu, nilishuka kwanza bondeni polepole nikizipima breki moja moja, kisha nikapanda. Niliporudi, pikipiki ikiwa bado na joto, niliinama kuangalia kama bolti za oili zinatoa jasho. Zilikuwa kavu. Baada ya kilomita 100 hivi nilirudia cheni, fimbo ya breki, spoku za mbele na nati zote mbili za ekseli. Cheni ilikuwa imelegea tena, kidogo tu, na spoku moja iliyo jirani na zile mbili ilihitaji robo duru.

Vyote nilivyovipima nimeviandika kwenye daftari linalokaa chini ya kiti, pamoja na tarehe na kilomita: nafasi ya kila tapeti nilivyoikuta na nilivyoiacha, aina ya oili, uchezi wa cheni. Mpwa wangu alinakili ukurasa huo, akaondoka na filageji yangu kwenda kuipima pikipiki anayoendeshea bodaboda, ambayo tapeti zake zimenyamaza kabisa.